Imegusa, Haijagusa

Aliyecheza gololi utotoni anaijua kelele hii. Watoto sita wamechuchumaa mchangani, mstari umechorwa kwa kidole, gololi imesimama kandokando yake, na mara pande mbili zinapaza sauti: "Imegusa!" "Haijagusa!" Mmoja analala kifudifudi aone vizuri. Mwingine anapuliza vumbi. Mwenye gololi ananyoosha mkono kana kwamba anaonyesha tu, kumbe anaisukuma. Mchezo ulioanza tangu adhuhuri unavunjika kwa upana wa unywele, na watu wanarudi makwao bila kusemeshana. Kesho yake watacheza tena, maana utoto haususi kwa muda mrefu. Lakini yule aliyesukuma gololi ameshajulikana, na sifa hiyo haimtoki upesi.

Uko mchezo wa watu wazima uliojengwa wote juu ya kelele hiyohiyo. Ni mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki, ambao ulikuwamo hata katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens mwaka 1896. Asiyeujua hudhani kwamba hapo ndipo mahali pasipo na ubishi: risasi imetoka, tundu limeonekana, hesabu imekwisha. Sivyo. Nimeuchagua makusudi kwa sababu mafunzo yake yanawafaa hata wale ambao hawatashika bunduki maisha yao yote, na kwa sababu yaliyowapata baadhi ya walengaji wake wakubwa ni onyo ambalo vijana wetu wanaocheza mchezo wowote wanapaswa kulisikia mapema.

Kwanza tuitazame hesabu yenyewe. Katika shabaha ya mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani karibu sawa na kifungo cha shati. Mlengaji anakitafuta kifungo hicho kutoka umbali wa nusu uwanja wa mpira. Kwa bunduki ya upepo ya mita 10, alama kumi ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita, kama alama iliyoachwa na ncha ya kalamu. Na kanuni ni ileile ya gololi: tundu likigusa mstari wa duara la ndani, mlengaji anapewa alama ya juu. Kugusa kunatosha.

Lakini karatasi huchanika. Kingo za tundu hukunjamana, nyuzi za karatasi hujirudi, na jicho la mwenye kutaka kushinda huona linachokitaka. Kwa hiyo waamuzi wana kifaa chao, kijiti cha chuma chenye ukingo wa duara uliopimwa kulingana na unene wa risasi, milimita 5.6 kwa bunduki ndogo ya mita 50. Mwamuzi anakichomeka ndani ya tundu, anainama na lenzi mkononi, anatazama kama ukingo ule umeufikia mstari. Hapo pana jambo ambalo mimi naliona zito kuliko kanuni nyingine zote za mchezo huu. Kifaa hicho huingizwa katika tundu mara moja tu. Kila kinapoingia hulipanua kidogo, kwa hiyo ukikiingiza mara ya pili hupimi tena kazi ya risasi, unapima kazi ya kijiti. Mwamuzi akishapima, anatia sahihi yake fupi pembeni kuonyesha kwamba tundu hili limekwisha kuamuliwa, na juu ya tundu hilo hakuna rufaa tena.

Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba ukweli ukipekuliwa sana huharibika. Mgomvi anayetaka kila kitu kipimwe tena na tena, mpaka kipimo kimpendeze, hatafuti haki. Anapanua tundu.

Siku hizi mashindano makubwa hayatumii karatasi. Shabaha ni za kielektroniki: risasi inapita, vifaa vinang'amua ilipopita, na tarakimu inatokea kwenye skrini kando ya mlengaji, mpaka sehemu ya kumi ya alama. Risasi moja iliyokamilika kabisa hupewa 10.9. Wengi walitumaini kwamba mashine itamaliza maneno. Mashine imepunguza maneno juu ya mstari, hilo ni kweli. Ila mashine hujibu swali moja tu, nalo ni risasi ilitua wapi. Haiwezi kumwambia mtu afanye nini na jibu asilolipenda.

Tarehe 22 Agosti 2004, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Markopoulo nje ya Athens, Mmarekani mmoja wa miaka 23 aitwaye Matthew Emmons alikuwa amebakiza risasi moja tu kutwaa dhahabu yake ya pili ya Olimpiki. Ya kwanza alikuwa ameipata siku chache kabla, katika shindano la kulenga akiwa amelala kifudifudi, na aliipata kwa bunduki ya kuazima. Miezi kadhaa nyuma mtu alikuwa ameuharibu mtutu wa bunduki yake mwenyewe, akiwa bado Marekani. Mwenzake, Amber Darland, akampa bunduki yake. Kwa hiyo kijana huyu alifika Athens akiwa tayari ameonjeshwa ubaya wote na wema wote ambao wanamichezo wanaweza kutendeana, na katika hayo mawili aliamua kushika wema, akaendelea na kazi.

Shindano la siku hiyo lilikuwa la mikao mitatu: kulala, kusimama na kupiga goti. Katika awamu ya awali kila mtu alifyatua risasi 120. Walengaji 8 bora waliingia fainali, ambayo wakati ule ilikuwa ya risasi 10, wote wakiwa wamesimama, mkao mgumu kuliko yote kwa sababu mwili mzima unayumba na moyo unagonga mpaka mtutu unatikisika. Baada ya risasi 9 Emmons alikuwa anaongoza kwa pointi 3. Alihitaji 7.2 tu katika risasi ya mwisho. Kwa mtu wa kiwango chake, 7.2 ni risasi mbaya, ya siku ambayo hakulala.

Mlengaji mzoefu ana desturi moja ndogo kabla ya kufyatua. Kwanza anaelekeza bunduki juu ya shabaha, mahali palipoandikwa namba, anahakikisha kwamba namba ile ni ya nafasi yake. Kisha anaushusha mtutu polepole mpaka kwenye weusi. Emmons alikuwa na desturi hiyo. Safari hii, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, mawazo yake yote yalikuwa katika kujituliza na kutoa risasi safi. Namba hakuitazama.

Alifyatua. Akageukia skrini yake, haikuonyesha kitu. Akawaashiria waamuzi kwamba amefyatua na shabaha haijaandika. Ilidhaniwa mtambo umekataa. Waamuzi wakakusanyika, wakasemezana, na ukimya ule ukawa mrefu. Kisha ukweli ukatoka. Emmons alikuwa amesimama nafasi namba 2, na risasi yake ilikuwa imetua katika shabaha namba 3, ya Christian Planer wa Austria. Shabaha ya Planer ilikuwa na risasi mbili. Ile ya Emmons ilikuwa 8.1.

Alama 8.1 ingempa dhahabu kwa pointi nzima. Kanuni ikampa sifuri. Kutoka wa kwanza akashuka hadi wa nane, mtu wa mwisho katika fainali. Dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China kwa pointi 1264.5, fedha kwa Mmarekani mwenzake Michael Anti, na shaba kwa Planer, yuleyule mwenye shabaha iliyopigwa.

Msomaji atasema kanuni hiyo ni katili. Risasi ilikuwa nzuri, mashine imeirekodi, kila mtu anajua ni ya nani. Kwa nini asipewe haki yake? Nami zamani nilifikiri hivyo, mpaka nilipomtazama mtu aliyesahaulika katika hadithi hii, yaani Planer. Mtu amesimama nafasi yake, amejitahidi risasi zake zote, na ghafla shabaha yake ina tundu asilolitoboa. Enzi za karatasi hakukuwa na saa ya kuonyesha ni tundu lipi lilitangulia. Ndiyo maana kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu zinasema hivi: ukipiga shabaha ya mwenzako katika risasi ya kuhesabiwa, umekosa, naye mwenzako, kama haiwezi kujulikana tundu lake ni lipi, anapewa lile lenye alama ya juu zaidi. Kanuni inamlinda aliyekosewa kabla ya kumhurumia aliyekosea. Ningetamani kila kamati ya nidhamu katika michezo yetu ianze na mpangilio huo wa mawazo.

Kwa upande wake, mwenye shabaha naye ana wajibu. Akiona tundu ambalo si lake, anapaswa kumwambia mwamuzi papo hapo, kabla hajaendelea. Asiliweke kimya akitumaini kwamba ni zuri, kisha alikane likionekana baya. Kanuni hii inakata pande zote mbili: ukinyamaza na isithibitike kwamba hukufyatua, tundu lile linakuwa lako, jema au baya. Ni somo kubwa sana hili kwa mtu yeyote aliyewahi kupewa chenji iliyozidi akaitia mfukoni, kisha akarudi dukani siku nyingine kulalamika kwamba amepunjwa.

Turudi kwa Emmons. Alikuwa na sababu mia za kuwaka moto. Kamera zilikuwa mbele yake. Angeweza kusema mwanga ulikuwa mbaya, namba zimeandikwa ndogo, waamuzi wamechukua muda mrefu kwa sababu wanaficha jambo. Hakusema. Alikubali kwamba kosa ni lake, akaeleza lilivyotokea, basi. Jioni ile alikuwa ameketi na wenzake wakati mlengaji wa Kicheki, Kateřina Kůrková, aliyekuwa ametwaa shaba katika michezo hiyohiyo, alipomsogelea kumpa pole. Hawakuwa watu wa kuzoeana. Mwaka 2007 walifunga ndoa.

Nisiharakishe kuifanya hadithi iishe kwa harusi, maana onyo lake halijakwisha. Miaka minne baadaye, Beijing 2008, Emmons alifika risasi ya mwisho ya shindano lilelile akiongoza kwa pointi 3.3. Namba ya shabaha aliitazama. Lakini alipokuwa akishusha mtutu kuelekea kwenye weusi, kidole kikagusa kifyatulio kabla ya wakati. Alama 4.4. Dhahabu ikaenda kwa Qiu Jian wa China, na Emmons akawa wa nne. Mara ya pili, risasi ya mwisho, mbele ya dunia nzima. Na mara ya pili hakumtafuta mwingine wa kubeba lawama. Alirudi tena London mwaka 2012, na katika shindano hilohilo akapata shaba.

Kuhesabu ni rahisi: katika miaka minne mtu huyu alipoteza dhahabu mbili kwa kosa la sekunde moja moja. Lakini hakuna mlengaji duniani anayeweza kusema kwamba Emmons alimdhulumu, na hakuna mwamuzi anayeweza kusema alitukanwa naye. Ukiyaweka hayo kwenye mizani na medali mbili, mimi nasema mizani haiinami upande wa medali.

Kuna hadithi nyingine ya zamani zaidi, na hii inahusu hesabu yenyewe kukosewa. Julai 1976, Olimpiki ya Montreal, uwanja wa L'Acadie huko Quebec. Shindano ni lilelile la mikao mitatu, na wakati huo wanaume na wanawake walishindana pamoja. Marekani iliwakilishwa na Lanny Bassham, aliyekuwa amepata fedha Munich mwaka 1972, na Margaret Murdock, mwanamke wa kwanza kuingia timu ya Olimpiki ya kulenga shabaha ya nchi yake.

Matokeo ya awali yalimweka Murdock mbele kwa pointi moja. Kisha ikagundulika kwamba katika kuhesabu alama za Bassham kulikuwa na kosa. Likasahihishwa, na wote wawili wakawa na pointi 1162. Sare. Shabaha zikapitiwa upya, kanuni ya kuvunja sare ikatumika, na dhahabu ikampata Bassham. Yeye akapendekeza zitolewe dhahabu mbili. Wakakataa, kanuni haikuruhusu.

Hebu simama kidogo mahali alipokuwa Murdock. Umeambiwa unaongoza. Umeanza kuamini. Halafu karatasi zinarudishwa mezani, watu wanainamisha vichwa, na unaambiwa kwamba mwenzako alikuwa na pointi moja ambayo haikuandikwa. Kisha unaambiwa kwamba katika sare yenyewe umeshindwa. Hujakosea lolote. Risasi zako ni zilezile za nusu saa iliyopita. Wanaosimulia kisa hiki humsifu Bassham, na wana haki. Mimi namsifu Murdock kwanza, kwa sababu ni vigumu zaidi kupanda jukwaani kwa heshima ukiwa umeshuka ngazi moja bila kosa lako. Alipanda. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki katika mchezo huo.

Wakasimama watatu: Bassham juu, Murdock chini yake, na Werner Seibold wa Ujerumani Magharibi nafasi ya tatu. Wimbo wa taifa ulipoanza, Bassham alimvuta Murdock akampandisha kwenye ngazi ya juu, wakasimama pamoja pale palipotengwa kwa mtu mmoja mpaka wimbo ukaisha.

Angalia alichofanya na asichofanya. Hakuitupa medali. Hakuwaita waamuzi wezi. Hakusema kanuni ni ya kipumbavu, ingawa ni dhahiri hakuipenda. Aliwasilisha pendekezo lake mahali panapohusika. Lilipokataliwa, aliipokea hukumu. Kisha akatoa kile ambacho kanuni haikukigusa. Kanuni ilitawala medali, haikutawala mkono wake. Watu wengi hudhani kwamba kukubali hukumu ni kunyamaza, na kudai haki ni kupiga kelele. Bassham na Murdock walionyesha njia ambayo si mojawapo ya hizo.

Kosa la Montreal, tusisahau, lilifanywa mezani, na wa mezani nao wana somo lao. Kosa la mezani lilikuwapo hata kabla. Mwaka 1908 London ilipoandaa Olimpiki, mashindano mengi ya bunduki yalifanyika Bisley. Kila nchi iliruhusiwa kuingiza walengaji 12 katika shindano la bunduki ndogo. Waingereza walidhani fomu ya mmoja wao haikufika, wakamwingiza mwingine, Philip Plater. Kumbe yule wa kwanza naye aliandikishwa, akashindana. Wakawa 13. Plater akapata pointi 391 kati ya 400, zaidi ya wote, akatangazwa mshindi. Baadaye vitabu vilipohesabiwa ikaonekana kwamba amezidi idadi. Jina lake likafutwa, na dhahabu ikaenda kwa mwenzake Arthur Carnell aliyekuwa na 387.

Plater hakudanganya. Carnell hakudanganya. Hakuna tundu hata moja lililobishaniwa. Ni watu wa orodha ambao hawakuhesabu majina kabla ya risasi ya kwanza, na kwa uzembe huo mtu mmoja akanyang'anywa dhahabu, na mwingine akapewa dhahabu ambayo hakuna mlengaji angependa kuipata hivyo. Kila ninapoona katibu wa mashindano ya mtaa akiandika majina ya wachezaji kwenye kiganja cha mkono au nyuma ya kiberiti, namkumbuka Plater.

Na wako wanaodanganya kweli. Katika Beijing hiyohiyo ya 2008, mlenga bastola wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alipata fedha na shaba. Vipimo vikaonyesha propranololi, dawa ya wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu, ambayo hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mkono. Akavuliwa medali zote mbili. Sina mengi ya kusema juu ya kisa hiki. Mchezo mzima ni kupigana na mkono wako mwenyewe unaotetemeka. Anayekwenda dukani kununua mkono mtulivu ameacha kucheza.

Sasa kwetu. Bunduki za mashindano ni chache, na si ajabu. Silaha si kitu cha kuchezea, na sheria zake ni kali. Lakini tuna ndondo kila Jumapili, tuna mashindano ya shule za msingi na sekondari, tuna mbio za ngalawa, tuna bao chini ya miembe. Na kote huko tunaiona ile kelele ya gololi ikiwa imekua, imeota ndevu. Mpira umevuka mstari, haujavuka. Mkono ulikuwa umefungwa mwilini, haukuwa. Nimeona watu wazima, baba za watu, wakimzonga mwamuzi kijana ambaye hata nauli ya kurudi nyumbani hajapewa, watoto wao wakitazama. Mtoto anayetazama hapo hajifunzi kanuni ya kuotea. Anajifunza kwamba ukishindwa, mshike mtu shati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi mlalamikaji ana haki. Mwamuzi kweli kakosea. Lakini haki inayodaiwa kwa kumzunguka mtu kwa mawe haina tena wa kuisikiliza. Kikao kikikaa, kitajadili mawe. Katika kulenga shabaha mwenye malalamiko huandika, hulipa ada, na malalamiko yake yakikubaliwa ada hurudishwa. Utaratibu huo unamlazimisha mtu ajiulize kwanza kama anaamini anachokisema kiasi cha kukiwekea fedha yake. Tungeuchukua hata kwenye ndondo, nusu ya kelele zingekwisha kabla hazijaanza, na nusu iliyobaki ingekuwa na maana.

Mwalimu wa michezo unayesoma haya, nakuomba jambo moja. Jumamosi ijayo kabla ya mechi, waite manahodha wawili na mwamuzi, waketi chini dakika kumi. Hesabuni majina kwenye orodha, muwe na hakika yamefika idadi na hayakuzidi. Mstari uliofutika uchoreni upya, wakati bado hakuna anayejua utamfaa nani. Kubalianeni nani atapokea malalamiko na kwa njia gani, na kwamba akishaamua, tundu hilo halipimwi tena. Kisha wasimulie watoto juu ya mtu aliyepiga shabaha ya jirani yake akiwa na dhahabu mkononi, na wasimulie alivyoondoka uwanjani.

Na wewe mzazi utakayekuwa umesimama pembeni ya uwanja siku hiyo, mwanao akikugeukia baada ya filimbi kukuuliza kama mpira ule ulivuka mstari, mwambie ulichokiona.